Mwanafunzi Ugenini Majira ya Mvua

Juma lililopita mzazi mmoja, mkazi mwenzangu wa hapa Kinindo, alinijia na swali ambalo nimeona si vema kulijibu kwa faragha, maana najua wako wazazi wengine wenye haja ya jibu hilo hilo. Binti yake aliondoka mwezi wa Aprili kwenda Tokyo kusoma lugha ya Kijapani. Sasa ameandika kwamba walimu wamewaonya wajiandae, kwani majira ya mvua yanakaribia. Mzazi anauliza: ampelekee nini mwanawe? Koti zito, viatu vya mpira, au dawa ya kifua?

Nami nilikaa huko mwaka mmoja kuanzia Aprili 2019, nikijifunza lugha hiyo hiyo. Kwa hiyo nilimjibu kwamba hana haja ya kutuma kifurushi chochote. Mwavuli na viatu vinapatikana kila pembe ya mji ule. Anachohitaji binti yake ni maarifa ya nyumbani, na jamaa wenye kujua namna ya kumtegemeza kutoka mbali. Kwa ruhusa ya mzazi huyo, leo nayaeleza hayo kwa kirefu.

NI MVUA YA NAMNA GANI?

Mvua zetu za Bujumbura twazijua. Wingu hujikusanya juu ya milima ya mashariki, radi hupiga, maji humwagika kwa kishindo, mito ya Muha na Kanyosha hujaa. Kisha baada ya saa moja au mbili jua hutoka na kina mama huzirudisha nguo kambani. Uingiapo mwezi wa Juni, kwetu ni kiangazi, Ici kama wasemavyo Warundi, nalo vumbi huanza kuruka.

Japani mambo ni kinyume. Juni ndio mwezi wa mvua. Majira hayo wenyewe huyaita "tsuyu", na maandishi ya neno hilo yana maana ya mvua ya plamu, kwa sababu huu ndio wakati ambapo tunda liitwalo "ume", dogo na chachu la jamii ya plamu, huiva. Hewa baridi itokayo kaskazini hukutana na hewa ya moto yenye unyevu itokayo bahari ya Pasifiki, na mahali zikutanapo hutanda ukanda mrefu wa mawingu usiotaka kuondoka. Idara ya hali ya hewa hutangaza mwanzo na mwisho wake kwa kila sehemu ya nchi. Kwa wastani, Okinawa iliyoko kusini huanza yapata tarehe 10 Mei; Tokyo na mikoa ya jirani huanza yapata tarehe 7 Juni na kumaliza yapata tarehe 19 Julai. Kisiwa cha Hokkaido, kaskazini kabisa, hakihesabiwi kuwa na majira haya.

Kwa mwaka mzima Tokyo hupata kiasi cha milimita 1,600 za mvua, karibu mara mbili ya zile za Bujumbura. Lakini linalomchosha mgeni si wingi wa maji. Ni namna yanavyoshuka. Mvua ya tsuyu aghalabu ni manyunyu ya kutwa kucha, bila radi wala hasira, chini ya mbingu ya rangi ya majivu. Katika mwaka huo wa 2019, kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Julai, zilipita siku 20 mfululizo ambazo Tokyo haikupata hata saa tatu za jua kwa siku. Tena si baridi. Ni joto lenye unyevu, na shati hushikamana na mgongo toka asubuhi. Wajapani wana neno lake: "jimejime". Koti zito alilotaka kupeleka mzazi yule lingemdhuru bintiye kuliko kumfaa.

SIKU YA MWANAFUNZI

Shule nyingi za lugha hugawa wanafunzi makundi mawili, la asubuhi na la mchana, na mwanafunzi hupata vipindi visivyopungua 20 kwa juma. Wakati uliobaki wengi hufanya kazi ndogo ndogo: kuosha vyombo katika mikahawa, kupanga bidhaa madukani, kusafisha maofisi. Sheria humruhusu mwanafunzi mwenye kibali kufanya kazi saa 28 kwa juma, na zaidi kidogo wakati wa likizo ndefu. Azidishaye hujitia katika hatari ya kunyimwa ruhusa ya kuendelea kukaa nchini.

Basi asubuhi ya mvua mwanafunzi huanza kwa kutazama utabiri, ambao hutolewa kwa asilimia: leo ni 30, kesho 80. Huchukua mwavuli. Akiwa na baiskeli huiacha nyumbani au huvaa koti la mvua, kwa kuwa kuendesha baiskeli huku umeshika mwavuli kunakatazwa na kanuni za barabara. Katika treni hukunja mwavuli na kuushikilia karibu na mwili ili usimlowanishe jirani. Mlangoni pa duka hukuta mifuko membamba ya kuuvika, au kitu cha kuusimamisha. Miavuli myeupe ya plastiki yafanana yote, hivyo ni busara kufunga utepe wa rangi kwenye mpini, la sivyo jioni mtu mwingine ataondoka nao bila hata kujua.

Arudipo nyumbani usiku amelowa miguu, na hapo ndipo kazi yenyewe huanza.

CHUMBA NA NGUO

Chumba cha mwanafunzi ni kidogo, mara nyingi chenye dirisha moja. Wengi hulalia "futon", yaani godoro jembamba linalotandikwa sakafuni au juu ya mikeka minene ya nyasi iitwayo "tatami". Godoro hilo halitakiwi kuachwa chini mchana. Jasho la usiku hushuka, hukutana na unyevu wa sakafu, na baada ya siku chache tu upande wa chini huota kuvu. Kila asubuhi litakiwa kuinuliwa, kukunjwa au kuegemezwa kitini lipitiwe na hewa, na siku jua lichomozapo hata kwa saa moja, lianikwe. Siku ya namna hiyo utaona roshani za mtaa mzima zimejaa magodoro, kama kwetu mabati ya nyua yanavyojaa nguo baada ya mvua.

Nguo nazo zina kanuni zake. Zisikae ndani ya mashine baada ya kufuliwa. Zitundikwe kwa kuachana kiasi cha ngumi moja, ndefu na fupi zikipishana ili upepo upite; mifuko igeuzwe nje; feni ielekezwe kwenye nguo. Nguo inayokawia kukauka hunuka uvundo hata kama ilifuliwa kwa sabuni njema, na uvundo huo humtangulia mwenye nguo darasani. Ikishindikana, mtaani ziko mashine za kukaushia ambazo hutiwa sarafu: yeni 100 kwa dakika chache. Viatu vilivyolowa hujazwa magazeti makavu, yakabadilishwa mara mbili au tatu hadi asubuhi. Ndani ya makabati huwekwa makopo yenye chumvi maalumu inayofyonza maji, au kikapu cha makaa ya mti yaliyooshwa na kukaushwa vema.

Hili la makaa twaweza kulitumia hata sisi wakati wa mvua za Machi na Aprili. Weka makaa safi katika kikapu ndani ya kabati la nguo, na kila juma uyatoe yapate jua. Lakini, tafadhali sana, tusichanganye mambo: kukausha nguo kwa kuwasha imbabura ndani ya nyumba iliyofungwa ni hatari ya kufa. Moshi wa makaa una sumu isiyonuka.

CHAKULA

Majira haya ndiyo ya matumbo kuuma, kwa kuwa chakula huharibika upesi. Mwanafunzi abebaye chakula chake cha mchana afuate desturi ya wenyeji: wali upoe kabisa kabla ya kufunikwa, maana mvuke ukifungiwa hugeuka maji, na maji huleta uchachu. Wajapani huweka katikati ya wali tunda moja la "ume" lililotiwa chumvi kali, nao huamini kwamba huzuia wali usichache haraka. Kwetu mpishi hodari angetia ndimu au siki. Mchuzi uliobaki uingie katika friji mara unapopoa, wala usiachwe jikoni hadi kesho kwa kisingizio kwamba leo hakuna jua.

LUGHA YENYEWE

Hapa mwana wa Bujumbura ana bahati. Kijapani kina irabu tano zile zile za Kiswahili, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu kama zetu. Matamshi hayatamtesa. Tena aliyelelewa katika Kirundi amezoea kusikia tofauti ya irabu fupi na ndefu, na ya sauti kupanda na kushuka, mambo ambayo huwasumbua Wazungu wengi. "Obasan" ni shangazi au mama wa makamo. "Obaasan" ni bibi mzee. Mwenye kuzembea irabu humzeesha mama wa watu bila kukusudia. "Ame" kwa sauti inayoanza juu ni mvua. Kwa sauti inayoanza chini ni peremende.

Yako pia maneno yanayochekesha. "Kasa" kwao ni mwavuli, nasi twamjua kasa wa baharini, atembeaye na paa lake mgongoni. "Nani" kwao huuliza kitu, siyo mtu. Na mvua ina maneno kadiri ya inavyonyesha: "potsupotsu" ni matone ya kwanza, "shitoshito" ni ile laini ya kutwa, "zaazaa" ni ile ya kumwagika.

Maandishi ndiyo mlima. Ziko herufi za silabi za namna mbili, kila namna 46 za msingi, kisha yale maandishi ya asili ya Kichina, ambayo orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Mtihani wa kimataifa wa lugha hiyo una ngazi tano, na hufanywa Jumapili ya kwanza ya Julai na ya Desemba. Ule wa Julai huangukia katikati ya tsuyu.

UPWEKE

Ndugu wasomaji, nimeyataja haya ya magodoro na soksi kwa sababu moja. Katika mwaka ule sikumwona mwanafunzi hata mmoja aliyeshindwa na sarufi. Niliona walioshindwa na chumba.

Mwenzetu mmoja, kijana wa kutoka Afrika Mashariki ambaye jina lake nalihifadhi, alikuwa wa mbele darasani mwezi wa Aprili na Mei. Ilipoingia tsuyu nguo zake zilianza kunuka uvundo. Aliona haya kukaa karibu na wenzake katika treni. Usiku alitoka kazini saa tano, na alipolala simu ya nyumbani ilimwamsha. Kidogo kidogo akaanza kukosa masomo: siku moja, mbili, kisha juma zima. Godoro halikuinuliwa tena. Alipozungumza nasi alisema tu kwamba amechoka na mvua. Nayo mahudhurio katika shule hizo si jambo la mchezo. Mwanafunzi anapoomba kuongezewa muda wa kukaa nchini, maofisa wa uhamiaji huangalia kwanza alihudhuria kiasi gani. Kijana alikuwa karibu kurudishwa kwao, na deni la nauli likiwa bado halijalipwa.

Aliyemwinua ni bibi mmoja mzee wa ghorofa ya chini. Bibi huyo aliona dirisha halifunguliwi, akapanda ngazi na kumgongea. Hawakuwa na lugha ya kuongea. Bibi alinyoosha kidole kwenye godoro, akatikisa kichwa, akaliinua mwenyewe. Kijana naye akanyoosha kidole na kuuliza "nani?", na bibi akamtajia: godoro, unyevu, kuvu, kamba, kibanio, kukauka. Kesho yake alirudi na makopo mawili ya kufyonza maji. Tokea hapo kila asubuhi walipokutana ngazini bibi alisema "Ame desu ne", maana yake ni mvua, sivyo? Naye alijibu "Sō desu ne", ndivyo hasa.

Maneno hayo mawili yaonekana madogo. Lakini kwa Wajapani hali ya hewa ndiyo mlango wa mazungumzo, kama vile wazee wetu wanavyoanza kwa kutakiana makundi ya ng'ombe. Mwanafunzi ajuaye kusema hayo mlangoni, dukani na kituoni, hapitishi siku nzima bila kusemeshwa na mtu. Kijana yule alirudi darasani kabla Julai haijaisha, na Desemba akafanya mtihani. Mwaka mzima uliobaki, maneno ya kamba ya nguo ndiyo aliyoyatamka vizuri kuliko yote.

WAJIBU WETU TULIO NYUMBANI

Nimetaja simu iliyomwamsha. Kati ya Bujumbura na Tokyo kuna tofauti ya saa saba. Hapa ikiwa saa mbili usiku, wakati tumekwisha kula na tumekaa tupige soga, kule ni saa tisa za usiku. Mzazi apigaye simu saa hiyo anadhani anampenda mwanawe, kumbe anamnyima usingizi. Mpigie mchana wa hapa, saa sita au saa saba. Kule itakuwa saa moja au saa mbili za jioni. Afadhali zaidi mkubaliane siku moja ya juma, naye aijue na kuingoja.

Jambo la pili ni fedha. Mwanafunzi wa miezi mitatu si mfanyakazi. Saa zake 28 zatosha kulipa chumba, chakula na nauli, na huenda sehemu ya karo. Tukianza kumtumia orodha za harusi, mabati na matibabu ya ukoo mzima, tunamsukuma afanye kazi zaidi ya ruhusa, akose masomo, na mwishowe tumpoteze yeye na hizo fedha pamoja.

Jambo la tatu, tuulize maswali ya nyumbani. Badala ya kuuliza tu, "Umefaulu?", tumwulize: godoro umelianika? Jana umekula nini? Jirani yako anaitwaje? Jibu la swali kama hilo litakuonyesha hali yake upesi kuliko cheti cha shule.

MVUA IKIGEUKA KUWA BALAA

Sipendi kuwatisha wazazi, lakini si haki kunyamaza. Mwishoni mwa tsuyu mvua laini huweza kugeuka. Julai 2018 mvua kubwa ilishukia magharibi ya Japani, hasa mikoa ya Hiroshima, Okayama na Ehime, mito ikafurika, milima ikaporomoka, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Sisi wa Bujumbura hatuhitaji kuelezwa maana yake. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko yaliua makumi ya watu kaskazini mwa mji wetu, na katika miaka ya 2021 na 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda hadi kuzifikia nyumba za kando yake.

Kule serikali za mitaa hutoa ramani zinazoonyesha sehemu ambazo maji hufika na mahali pa kukimbilia. Mwanafunzi aichukue ramani hiyo siku anapokwenda kuandikisha makazi yake, jambo ambalo sheria yataka lifanywe ndani ya siku 14 baada ya kupata mahali pa kuishi. Na kabla ya kujifunza maneno ya adabu ya mkutanoni, ajifunze maneno mawili: "keihō", yaani onyo, na "hinan", yaani kukimbilia mahali pa usalama. Ayasikiapo katika simu au kipaza sauti asingoje kuona maji mlangoni.

KABLA HAWAJAONDOKA

Kwa wazazi ambao watoto wao wanatazamia kusafiri, nawaachia ushauri ufuatao:

1. Kijana, awe wa kiume au wa kike, afue nguo zake mwenyewe kwa muda wa miezi sita kabla ya safari. Asiyejua kufua Kinindo hatajifunzia Tokyo wakati wa mvua.

2. Ajue kupika vyakula vitatu vya bei nafuu, na kuhifadhi kilichobaki.

3. Achukue nguo nyepesi zinazokauka upesi, na jozi mbili za viatu ili moja ipumzike.

4. Ajifunze zile herufi za silabi angali hapa. Majuma machache yatosha, naye atafika akiweza kusoma japo sehemu ya majina ya vituo.

5. Afundishwe kusalimu jirani siku ya kwanza, hata kama hana neno ila tabasamu na kuinama kidogo.

Na mzazi ambaye mwanawe yuko huko tayari, asingoje hadi Julai. Jumapili hii, saa sita mchana, apige simu na kumwuliza habari za godoro.

Maswali yenu yanakaribishwa kama kawaida. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhifadhi maharage ya mavuno yasiingiwe na wadudu wakati wa kiangazi.

Kwaherini.